Kasoro Iliyojulikana na Dhima ya Mwenye Kujua
Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 kuhusu usalama wa magari humtaka mtengenezaji amjulishe mmiliki kasoro ya hatari inapogunduliwa, lakini taarifa hiyo mara nyingi hailifuati lori kuukuu linalouzwa ng'ambo, likateremshwa Dar es Salaam, likavuka mpaka wa Kobero kuingia Burundi na kushuka kutoka Bugarama, penye kimo cha zaidi ya mita 2,000, hadi Bujumbura, huku springi zake, yaani mabamba ya chuma yanayobeba uzito juu ya ekseli, zikiwa dhaifu. Je, dhima hukoma pale anwani ya mmiliki inapopotea?

Torati, katika Kutoka 21:29, humtia hatiani mwenye ng'ombe aliyeonywa kwamba mnyama wake hupiga pembe, naye asimzuie hata mtu akauawa. Fikihi ya Kiislamu nayo inatambua hiari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha bidhaa yenye kasoro iliyofichwa. Ila hiari hiyo humlinda mnunuzi, ilhali mpita njia anayegongwa hakununua chochote. Hapo hoja ya Torati ina nguvu zaidi, na mfanyabiashara wa malori wa Rohero, katikati ya Bujumbura, anayeweza kuisoma namba ya chasisi na kuiulizia kwa mtengenezaji kabla ya kuuza, hawezi kwa haki kudai kwamba hakuonywa.