Kuchagua Kabla ya Wavu

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, ufalme wa mbinguni unafananishwa na wavu ulioingia majini na kuzoa samaki wa kila namna. Wavuvi wanauvuta hadi ufukweni, wanakaa chini, wanachambua: wafaao huku, wasiofaa kule. Msomaji wa Nansio, kisiwani Ukerewe, akifika hapo hahitaji mwalimu wa kumfafanulia wavu huo. Anaujua. Ni kokoro, na kokoro limepigwa marufuku.

Nimekuwa nikilitafakari jambo hili polepole, kwa sababu linanisumbua kwa namna nzuri. Mfano ule haukosei. Kazi ya kuchambua umewapa malaika, tena mwisho wa nyakati. Sisi wa Ukerewe tunavua katikati ya nyakati, na tukishazoa kila kitu hatuna tena cha kuchagua.

Kokoro hufanya kazi maji yanapoishia miguuni petu. Mtumbwi unauzungusha wavu, ncha zake mbili zinabaki nchi kavu, watu wanavuta kamba pande zote mbili, na wavu unakuja ukikwangua mchanga. Hapohapo kwenye maji mafupi sato dume huchimba kiota chake, duara lenye kina kidogo kama bakuli. Jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai mdomoni na kuyaatamia. Vifaranga wakianguliwa huendelea kulindwa humohumo. Wakitoka kidogo na kuhisi hatari, hurudi mbio kinywani mwa mama. Siku zote hizo mama hali, au hula kidogo sana. Kokoro likipita linambeba huyo aliyefunga, pamoja na wale anaowafungia.

Sangara naye ana kipimo chake. Asiyefika sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na kwa miaka mingi kanuni zilimlinda pia aliyezidi 85, kwa kuwa wakubwa hao wengi ni majike wenye mayai mengi. Huyu ni mgeni aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, akala furu hadi aina nyingi zikatoweka. Ajabu ni kwamba mlaji huyo asiye na kiasi leo anahitaji kiasi chetu ili aendelee kuwepo.

Mtu atasema: basi nitavua, nitapima kwa rula, aliye mdogo nitamrudisha. Kwa sato wa ndoano pale kwenye mawe, hilo linawezekana. Unalowesha kiganja, unaitoa ndoano mdomoni taratibu, unamwachia, anazama. Sangara aliyevutwa kutoka kilindini ni habari nyingine. Akipanda, uzito wa maji unampungukia na hewa iliyo ndani ya bondo lake, kile kibofu cha hewa, inatanuka, tumbo linavimba. Ukimrudisha anaelea ubavu, hawezi kushuka. Furukombe anamwona kabla hujashika kasia. Umetii sheria, samaki amekufa.

Kwa hiyo huruma ya mvuvi haikai mkononi mwake wakati wa kuachia. Inakaa nyumbani, mchana, anapochagua ukubwa wa ndoano na upana wa matundu ya wavu, na anapoamua ni ghuba gani hataigusa. Usiku ukiingia, kilichoamuliwa kimekwisha kuamuliwa.

Sisi watu wa dini tunaipenda sana toba, nayo ni mlango mkubwa wa rehema. Lakini nadhani tumeitegemea hadi tukamsahau ndugu yake mkubwa, kujizuia. Toba ina machozi na mashahidi. Kujizuia hakuna anayekuona. Mwenye wavu wa matundu mapana hatawajua kamwe samaki waliopita kati ya nyuzi zake. Hawezi kuwahesabu wala kujisifia mwaloni. Amekubali kwamba sehemu ya ziwa itapita mikononi mwake bila kuwa yake. Kwangu huo ni ukiri mkubwa wa imani kuliko maneno mengi tunayoyasema tukiwa tumesimama kanisani au msikitini.

Sisemi ni rahisi. Anayedaiwa mafuta na tajiri wa mitumbwi, watoto wakisubiri ada, hawezi kuhubiriwa subira na mtu aliyeshiba. Ndiyo maana kanuni na BMU (vikundi vya kusimamia uvuvi mialoni) zina thamani hata kiroho: zinamsaidia mtu kubeba pamoja na wenzake kiasi ambacho peke yake kingemshinda. Jirani akitega wavu haramu, wewe unayejizuia unamwekea yeye tu.

Tangu nianze kufikiri hivi, maswali yangu ya jioni yamebadilika. Zamani nilijiuliza leo nimekosea wapi, nikaomba msamaha, nikalala. Sasa najiuliza kesho nitatoka na wavu wa namna gani: nitazungumza na nani nikiwa na hasira, nitashika fedha ya nani, nitasikiliza siri gani. Mengi ya hayo nikishayavuta hayarudi majini yakiwa hai. Naona ni heri kuyachagulia matundu mapema, wakati bado sijayatamani.