Vina na Mizani: Je, Ndivyo Ushairi?

Mshororo wa shairi la kimapokeo hupimwa kwa silabi, na kila silabi ni mizani moja. "Mtu" ni mizani mbili, kwani m hapo hutamkwa peke yake. "Mwana" nayo ni mbili, maana mwa hutoka kwa mkupuo mmoja. Bahari, yaani aina ya shairi, iliyozoeleka zaidi ni tarbia: mishororo minne kwa ubeti, mizani 16 kwa mshororo. Mshororo hukatwa katikati, kipande cha kwanza kikiwa ukwapi na cha pili utao, kila kimoja na kina chake. Utenzi una mizani 8 tu kwa mshororo. Mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti hushiriki kina kimoja, na wa nne hubeba kina cha bahari, kisichobadilika tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ndivyo mshairi Mwana Kupona alivyomtungia binti yake wosia mwaka 1858.

Je, utungo uliotimiza hayo umekwisha kuwa shairi? Tuseme mtu ametunga hivi:

Asubuhi kumekucha, samaki wako sokoni,
Bei wameshaificha, twauliza hadi lini.

Mizani ni nane kwa nane, vina ni cha na ni. Mwalimu wa arudhi, yaani kanuni za utunzi, hana pa kutia kalamu nyekundu. Hata hivyo, hayo ni manung'uniko ya mnunuzi yaliyopangwa vizuri, basi.

Mshairi Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, lisiloimbika limepungukiwa. Hoja hiyo ina uzito zaidi kuliko wapinzani wake walivyokubali. Anayeghani huhitaji mahali pa kuvuta pumzi, na kituo cha mizani ya nane humpa. Hata inkisari, yaani kufupisha neno, na mazida, yaani kulirefusha, zipo ili mizani itimie na ulimi usikwame.

Miaka ya 1970 ubishi ukawaka, wanamapinduzi wakikataa kwamba vina na mizani ni lazima. Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi (1974), nao Mulokozi na Kahigi wakatoa diwani ya Malenga wa Bara (1976). Kwa upande huo, uti wa ushairi ni fikra, hisia na taswira. Vina ni pambo, lipo au halipo.

Hoja ya wimbo yathibitisha haja ya mapigo, lakini haithibitishi haja ya mizani 16. Mapokeo yenyewe hayajawahi kuwa na kipimo kimoja: utenzi una 8, shairi la kale la Al-Inkishafi lina 10, na hakuna aliyelinyima hadhi ya ushairi. Kwa hiyo wanamapinduzi walikuwa na haki ya kutafuta kipimo kingine. Hawakuwa na haki ya kukosa kipimo kabisa. Kezilahabi alilijua hilo: alipanga urudiaji na ukatizaji wa mistari kwa makusudi. Wengi waliomfuata hukata mistari ovyo, na kazi yao ni insha iliyovunjwa vipande.