Stima

Sisi Wakenya tuna neno linalowachekesha jirani zetu wa Tanzania. Wao wana umeme, sisi tuna stima. Stima imepotea, token za stima, fundi wa stima. Neno lenyewe lilitoka kwa Kiingereza, na kabla ya kuning'inia kwenye nguzo lilikuwa la meli na mitambo ya mvuke. Wengi huamini wazee walichanganya mambo tu. Sidhani. Kwa hapa Nkoroi ninapoishi na kuandika, neno hilo lina ukweli mwingi kuliko walivyojua, na ndani ya huo ukweli kuna deni.

Karibu na ploti yetu, ukiacha barabara ya Magadi ukaingia ndani kidogo, kuna mzee mwenye karakana ya mabati. Anakereza vyuma: bushi za pampu za visima, shafti za posho mili, vyuma vya bodaboda vilivyolika. Mashine yake ya kukereza ilitoka Uingereza, na ni ya zamani kiasi kwamba haikuzaliwa na mota. Mota ilikuja baadaye, ikafungwa juu ya fremu ya vyuma, na nguvu inashuka kwa mkanda mpana wa ngozi. Akitaka mwendo mwingine habonyezi kitu. Anahamisha mkanda kutoka ngazi moja ya puli hadi nyingine. Stima ikikatika kwetu na kwake ikibaki (tuko laini tofauti, usiniulize kwa nini), mimi hubeba laptopu nikaenda kuchaji pale. Naandika makala za watu wengine, namtazama akifanya kazi. Ni yeye aliyenieleza kwamba zile ngazi za puli ni ushahidi: mashine hii ilitengenezwa iishi na wenzake.

Kuna wapenzi wa vyuma huko Marekani na Uingereza wanaotunza karakana za namna hiyo mpaka leo, na video zao ziko tele. Nje kuna boila, na mtu anayeitia kuni au makaa. Mvuke unasukuma pistoni, pistoni inazungusha gurudumu kubwa, gurudumu linavuta mkanda mkuu, na mkanda mkuu unazungusha shafti ndefu iliyoning'inizwa chini ya paa, ukuta hadi ukuta. Kwenye shafti kuna puli nyingi, kila puli na mkanda wake, kila mkanda unashukia mashine moja: ya kukereza hapa, ya kutoboa pale, ya kunoa kule kwenye kona. Mkanda una puli mbili zilizokaa bega kwa bega, moja imekazwa, nyingine inazunguka bure. Ukitaka kusimamisha mashine yako unasukuma mkanda kwa kijiti uende kwenye ile ya bure. Yako inatulia, shafti juu inaendelea na wengine. Ukitaka mashine izunguke kinyume, unaupishanisha mkanda kama nambari nane.

Ila kilichonikaa kichwani ni sauti. Mtu mmoja akikandamiza kisu ndani ya chuma kigumu, shafti nzima inapunguza mwendo kidogo, na jamaa aliye upande wa pili anaihisi mkononi. Mchochezi kule nje anasikia injini ikigumia, anaongeza kuni. Ukitumia nguvu, kuna mtu unayemjua kwa jina anayetokwa jasho sasa hivi kwa sababu yako. Mkanda unaanzia kwake na kuishia kwako, na unaweza kuufuata kwa macho.

Sasa swali. Tuseme mkerezaji ana deni kwa mchochezi, lile la kujali kama anaungua, kama amekula, kama analipwa. Deni hilo limetokana na nini? Na kumwona? Basi turefushe mkanda. Boila ikae mita 20 nje ya ukuta, halafu 200, halafu nyuma ya kilima. Deni linaishia kwenye mita ya ngapi?

Kabla sijajibu, nisijifanye kwamba zamani kulikuwa na haki. Mwenye karakana alimwona mchochezi kila siku ya Mungu na bado alimlipa kiduchu. Mikanda ile ilikata vidole, ilishika mkono wa shati ikavuta na mtu mwenyewe. Vijana wenzangu wanaoweka mashine hizo kwenye reels na muziki mtamu wa piano wangepaswa kusikia ile stori pia. Kuonekana hakumfanyi mtu atendewe vizuri.

Ila mchochezi alikuwa na kitu kimoja: akiacha kuchochea, kila kitu kinasimama, na kila mtu anajua kwa nini. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na reli huko Mombasa waliweka zana chini, wengine mjini wakawafuata, na kwa karibu wiki mbili Mombasa ikagoma kweli kweli. Serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na haraka ya kuwasikia, iliunda jopo la kuangalia mishahara. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo. Gharama ilikuwepo. Lakini mkono wao ulikuwa karibu na mkanda.

Umeme ulipoingia viwandani huko Ulaya na Marekani, mwanzoni wenye viwanda hawakubomoa zile shafti. Waling'oa injini ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa pahali pake, mikanda ikabaki vilevile. Mwanauchumi Paul David aliandika mwaka 1990 jinsi ilivyochukua miongo kadhaa mpaka kila mashine ikapata mota yake. Baada ya hapo mambo yakawa masafi, kimya, na salama zaidi kwa vidole. Mzee wangu hawezi kutamani kurudi nyuma, nami simwombei. Tatizo ni kwamba shafti ilipoondoka chini ya paa, tulianza kuishi kana kwamba nguvu haitoki kwa mtu yeyote.

Inatoka. Takriban asilimia 40 ya umeme wa Kenya ni joto la ardhi, na sehemu kubwa inatoka Olkaria, karibu na Naivasha. Kutoka hapa Nkoroi ni kama kilomita 75 kwa mstari ulionyooka, ng'ambo ya Milima ya Ngong. Visima vimechimbwa huko, vingine vikishuka kilomita 3, mvuke unapanda na kuzungusha turbini. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981. Kwa hiyo mashine ya mzee ni ya mvuke hadi leo, laptopu yangu ni ya mvuke, na waya ndio mkanda, ila ni mrefu mno. Wazee walioita kitu hiki stima walikuwa sahihi bila kujua.

Na upande ule wa mkanda kuna watu. Mwaka 2014, ili Olkaria IV yenye megawati 140 ianze kazi, familia za Wamaasai zilihamishwa kutoka vijiji vyao hadi mahali palipopewa jina la RAPland. Walijengewa nyumba, shule na zahanati; hilo lisemwe. Wakalalamika pia: kuhusu ardhi waliyopewa, iliyokatwakatwa na makorongo, kuhusu hatimiliki, kuhusu umbali na riziki zao za awali. Malalamiko yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, waliochangia fedha. Jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia lilikuta kwamba benki haikufuata baadhi ya kanuni zake yenyewe, na pande zote zikaingia kwenye upatanishi.

Nilisoma falsafa kidogo kabla ya kuachana na chuo, na mhadhara mmoja sijausahau, wa Peter Singer. Makala yake ya 1972 inasema ukimwona mtoto anazama kwenye dimbwi, utaingia hata kama nguo zitachafuka matope. Na kwamba mtoto anayekufa njaa mbali nawe ana dai lilelile, kwa kuwa umbali hauna uzito wowote wa kimaadili. Nakubaliana naye kuhusu umbali. Ila mfano wake haututoshi hapa. Yule mtoto hakuwa amenifanyia chochote. Nikimwokoa ni wema. Familia iliyohama ili mvuke upite tayari imenifanyia kitu, na ninakitumia ninapoandika sentensi hii. Kumwita mtu kama huyo "mhitaji" na kumpelekea mchango wa unga ni kumbadilishia jina. Yeye ni mchochezi. Ananidai.

Hapo ndipo napata jibu la swali la mita. Urefu wa waya haukupunguza deni hata chembe. Ulichopunguza ni uwezo wa mdai kulidai. Familia ya RAPland haiwezi kusukuma mkanda kwenye puli ya bure nikashtuka hapa Nkoroi. Nadhani ndiyo maana tunaupenda mfumo huu, sisi tulio upande wa kupokea.

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Nairobi. Jumamosi nilimkuta mzee amekaa nje ya karakana. Kila aliyepita aliuliza itarudi saa ngapi. Nikamweleza haya mawazo yangu yote, shafti, Olkaria, deni. Alinisikiliza vizuri, ndiyo tabia yake.

"Kijana," akasema, "mimi nanunua token. Deni yangu imeisha hapo."

Ni hoja nzito, na watu wengi timamu wanaamini hivyo: bei ndiyo hufunga mambo. Basi tukafungua ujumbe wa token kwenye simu yake, tukasoma makato mstari kwa mstari. Kuna tozo ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kuna ya kupeleka stima vijijini. Kuna VAT. Watu wa kwenye mvuke hawana mstari.

"Lakini sheria iko, Mzee," nikamwambia. Sheria ya Kawi ya 2019 imeweka mrabaha wa joto la ardhi: kati ya asilimia 1 na 2.5 ya thamani yake kwa miaka 10 ya kwanza, baadaye kati ya 2 na 5. Katika mrabaha huo, jamii ya mahali penyewe inapewa asilimia 5.

"Asilimia tano ya asilimia tano?"

"Kiwango cha juu kabisa, ndiyo."

Akaomba kalamu, akapiga hesabu kwenye kipande cha kadibodi. Alikuwa mkarimu: alichukulia kwamba token yote ya bob 1,000 ni mvuke mtupu na kwamba mrabaha ni ule wa juu. Mrabaha, 50. Ya jamii, mbili na nusu.

Akaitazama ile kadibodi kwa muda.

"Mbili na nusu," akasema. "Hapo hata posho mili hawakusagii gorogoro."