Mvua ni ya Mungu, mfereji ni wa nani?



Joto la Riyadh likipita nyuzi 45, mazungumzo yetu baada ya ibada hurudi palepale. Wapo wanaosema hali ya hewa imebadilika tangu zamani na mwanadamu hahusiki. Wengine wanasema ni sisi tumeiharibu. Tulitazame swali hili pamoja, maana jibu lake linagusa wajibu wetu.

Tuanze na Jeddah. Tarehe 25 Novemba 2009 ilinyesha mvua ya takriban milimita 90 kwa saa chache, na watu zaidi ya 100 wakafa. Ni rahisi kusema ilikuwa kazi ya Mungu tu. Lakini nyumba zilikuwa zimejengwa kwenye mikondo ya maji, na mifereji haikutosha. Mfalme Abdullah aliunda tume ya uchunguzi, na baadaye maofisa kadhaa wakahukumiwa. Mawingu yalikuwa ya asili. Katika vifo palikuwa na mkono wa mtu.

Na hali ya hewa ni vivyo hivyo. El Niño ni ya asili, volkano ni za asili. Lakini satelaiti zimepima nguvu za jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na hazijaongezeka, huku dunia ikizidi kupata joto. Kilichoongezeka ni hewa ya ukaa: kabla ya viwanda ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni, leo imepita 420. Mwaka 2021 jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa lilisema hakuna shaka kwamba mwanadamu ameipasha dunia joto.

Hapa ndipo panapouma. Sisi tunakula mkate wa nchi ya mafuta. Mshahara wa dereva, wa muuguzi na wa dada wa kazi za ndani ndio unaolipa karo nyumbani. Ni rahisi kupenda jibu lisilogusa mfuko wetu, lakini ukweli hauulizi nani anatulipa. Wala tusijitwishe mzigo usio wetu: anayetuma karo Kisumu hana deni sawa na mwenye kisima cha mafuta.

Katika Luka 13, Bwana aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikataa kusema walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Hata hivyo aliwageukia waliobaki hai, akawaita watubu. Msiba si kipimo cha dhambi ya waliokufa. Ni swali kwa waliosalia.

Basi, tukipiga simu nyumbani wiki hii, tuulize: kile kiwanja tunachonunua kwa fedha tunazotuma, kiko kwenye njia ya maji? Miti iliyokatwa pale, nani atairudishia? Hayo yako mikononi mwetu.

Bwana atupe macho ya kuona na moyo wa kutenda. Amina.