Kitanda cha Bweni ni Haki ya Nani?

Ndugu yetu mmoja wa Bagamoyo ametuuliza. Binti yake amepungukiwa alama chache katika mtihani wa kuingia skuli moja ya wasichana. Je, yafaa amwendee jamaa yake aliye karibu na wakubwa wa skuli ile?

Twamjibu: kuombeana kheri kuna thawabu, lakini hapa pana mtu wa tatu. Iwe Marian ya Wakatoliki hapa Bagamoyo, iwe skuli ya Kiislamu ya Kunduchi, iwe Kilakala ya serikali kule Morogoro, vitanda vya bweni vina hesabu. Ukikipata kwa mlango wa nyuma, yuko binti aliyekikosa, pengine wa mvuvi wa Saadani. Mwenye ng'ombe ukimwibia, waweza kumrudia ukamwomba radhi. Huyu humjui, wala yeye hajui kuwa amedhulumiwa. Utamwomba radhi wapi?

Na tusemezane kweli, ndugu: miaka saba daftari lake hukulifunua hata mara moja.

Basi aingie skuli ya kutwa, apumzishwe vyombo baada ya isha, asome. Baada ya kidato cha nne huchaguliwa tena.