Je, Mama Aliaye Amekosa Uvumilivu?

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, mama mmoja kijana alibaki kanisani na mtoto wake wa miezi mitatu. Alikuja kuandikisha ubatizo. Jina la mtoto likaandikwa, majina ya wazazi na ya msimamizi yakaandikwa, lakini mama hakuondoka. Mwishowe akasema, "Padre, nina swali, ila naona haya." Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike maneno haya. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa, mradi tusimtaje jina wala hospitali.

Habari yake ni hii. Mimba yake ya kwanza ilipita majuma 41 pasipo dalili yoyote ya uchungu. Kliniki ikampeleka hospitali, na huko wakaamua kumwanzishia uchungu kwa dawa. Siku ya kwanza walimtia mpira mwembamba wenye kitufe kinachojazwa maji, ili ufungue mlango wa kizazi; siku ya pili wakampa vidonge; siku ya tatu wakamtundikia dripu. Hakuna aliyemweleza sababu, wala kwamba kazi hiyo yaweza kuchukua siku kadha. Mumewe alizuiwa langoni. Mama mkwe, aliyeruhusiwa kuingia saa ya chakula tu, alimwambia, "Sisi tulizaa nyumbani bila dripu, mwanangu. Subira huvuta heri." Usiku wa tatu uchungu ukaja kwa nguvu, mmoja juu ya mwingine, bila nafasi ya kuvuta pumzi. Akalia kwa sauti. Mkunga, aliyekuwa peke yake kwa wazazi sita usiku ule, alimjibu maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Karibu na alfajiri alimsihi daktari ampasue. Na kabla ya hapo, alipokuwa hana mtu kando yake, alimwambia Mungu kwamba hamtaki tena mtoto huyo. Kulipopambazuka alipasuliwa, na mtoto akatoka salama.

"Padre," akauliza, "dhambi yangu ni ipi? Kulia, au kuomba nipasuliwe, au lile neno nililosema? Tena tangu siku ile naona kama mimi sikuzaa. Nilizalishwa."

Twajua kwamba mama huyu si wa pekee. Wako wengi nchini ambao wametoka hospitali na mtoto mkononi na swali kama hilo moyoni, na hawana wa kumwuliza. Basi na tulijibu kwa utaratibu. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Nasi ambao mvua hii haijatunyea wala haitatunyea, hatutathubutu kuisifu. Tutasema tu juu ya haki na juu ya dhambi, maana hayo ndiyo tuliyofundishwa.

Tuanze na dripu yenyewe. Wako wanaodhani kuanzishiwa uchungu ni kuingilia kazi ya Mungu. Lakini mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza alionyesha kwamba tezi dogo lililo chini ya ubongo lina maji yenye nguvu ya kukaza mfuko wa uzazi. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud wa Marekani aliweza kuitengeneza dawa hiyo, oksitosini, na mwaka 1955 akapewa tuzo ya Nobel. Dawa iliyomo katika dripu, basi, ni mfano wa ile ambayo mwili wa mama huitoa wenyewe. Tena haitolewi kwa mchezo. Mimba ikipita wakati wake mno, au shinikizo la damu likipanda hata kuleta hofu ya kifafa cha mimba, au chupa ikipasuka na uchungu usije, kungoja zaidi kwaweza kumdhuru mama au kumwua mtoto. Mama anayekubali kuanzishiwa uchungu kwa sababu ya namna hiyo hakimbii wajibu wake, anautimiza.

Ila dawa hii ina tabia ambayo watu wa nyumbani yawapasa kuijua. Kwanza, mlango wa kizazi ukiwa bado mgumu, kazi yaweza kuchukua siku mbili au zaidi, na huo si uvivu wa mama. Pili, uchungu ulioanzishwa waweza kuja kwa nguvu upesi kuliko ule ujao wenyewe polepole. Tatu, dawa ikizidi, mfuko wa uzazi hukaza bila kulegea, mtoto hukosa hewa, na mfuko waweza hata kupasuka. Kwa hiyo mtu asimpime mama huyu kwa kipimo cha jirani aliyejifungua baada ya saa sita. Na ikiwa kwa siri amekunywa dawa ya miti shamba ya kuharakisha uchungu, amwambie mkunga bila hofu, maana dawa mbili za kukaza zikikutana zaweza kuleta msiba.

Sasa juu ya maumivu. Wapo Wakristu wema wanaosema kwamba Eva aliagizwa kuzaa kwa uchungu, na kwa sababu hiyo anayetafuta nafuu anapingana na Mungu. Wanakosea. Adamu naye aliambiwa kwamba atakula kwa jasho, lakini hatujasikia padre akimkataza mkulima asinunue jembe la kukokotwa na ng'ombe. Papa Pio XII alilitolea jambo hili maelezo tarehe 8 Januari 1956, aliposema na waganga juu ya kuzaa pasipo maumivu. Alifundisha kwamba Maandiko hayawakatazi akina mama kutumia njia halali za kupunguza maumivu ya kuzaa. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Februari 1957, alisema na waganga wa dawa za usingizi, akafundisha kwamba Mkristu halazimiki kukataa dawa ya kutuliza maumivu. Anayetaka kuyatolea sadaka maumivu yake aweza kufanya hivyo, na sadaka hiyo ni njema. Lakini sadaka hutolewa na mwenyewe. Mtu hatoi sadaka ya maumivu ya mwenzake. Mkwe, mume, mkunga na padre, hakuna mmoja wao mwenye ruhusa ya kumvumilia mama yule kwa kinywa.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha neno letu. Tumezoea kudhani kwamba uvumilivu ni kunyamaza. Mama asiyelia twamwita jasiri, na aliaye twamwita mwoga. Je, ndivyo alivyofundisha Bwana wetu? Usiku wa Gethsemani alisema waziwazi kwamba roho yake ina huzuni nyingi. Alimwomba Baba kikombe kile kimwondokee, wala hakuomba mara moja tu. Aliwachukua rafiki watatu, akawasihi wakeshe naye, na alipowakuta wamelala alisikitika. Basi ikiwa Yezu Kristu mwenyewe aliomba kuepushwa, akaomba pia mtu wa kukesha kando yake, twawezaje kumwambia mwanamke aliye katika leba kwamba kuomba nafuu na kuomba mwenzi ni upungufu wa imani? Mtakatifu Toma wa Akwino naye, anapofundisha juu ya fadhila ya ushujaa, hasemi kwamba shujaa hasikii maumivu. Akiri kwamba maumivu makali ya mwili yaweza kumfanya mtu asiione hata furaha ya wema anaoutenda. Ushujaa ni kutoliacha lililo jema, hata kama mtu analia analipolishika. Mama huyu kwa siku tatu aliunyosha mkono wake uchomwe sindano kwa ajili ya mtoto. Hakuondoka kitandani. Huo ndio uvumilivu, na sauti yake haikuuondoa.

Na lile neno alilosema gizani? Katekismu yatufundisha kwamba dhambi ya mauti yahitaji jambo zito, kujua vema, na kukubali kwa hiari kamili. Mtu aliyekandamizwa na maumivu usiku kucha, bila usingizi wala chakula, neno limtokalo si hukumu ya nia yake. Ni kilio chenye maneno. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, na mwisho wa habari yake Mungu hakumkemea kwa kilio kile. Aliwakemea rafiki zake, waliokaa wakimhubiria. Rafiki za Ayubu hawajafa wote: wengine wanaingia wodini saa ya chakula, na wengine, tukiri, wanapanda mimbarani.

Mtu aweza kutupinga akisema, "Mnawalegeza wanawake. Bibi zetu walizaa bila manung'uniko." Twawaheshimu bibi zetu, nasi tusisahau kwamba wengi wao walikufa katika kuzaa, na waliokufa hawakupata nafasi ya kusimulia. Tena tuwaulize wale walio hai walizaaje. Watasema kwamba mmoja aliwashika mgongo, mwingine alichemsha maji, na shangazi au mkunga wa kijiji alikaa mbele yao akiwaita kwa jina. Ushujaa wao ulikuwa na mikono mingi nyuma yake. Kilicho kipya kwa mama huyu kilikuwa dripu, lakini na upweke pia. Tumewapeleka binti zetu hospitali, na tumefanya vema. Lakini tumeiacha langoni ile mikono.

Wala si lazima iwe hivyo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya kuanzisha uchungu, nao wasema kwamba mama anayepewa dawa hizi asiachwe kamwe bila mtu wa kumwangalia. Mwaka 2018 shirika hilo hilo lilipendekeza kila mama awe na mwenzi aliyemchagua mwenyewe tangu uchungu hadi kujifungua. Wataalamu waliokusanya majaribio yaliyohusu wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17 waliona kwamba mama mwenye mtu wa kukaa naye mfululizo huelekea kuzaa kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na haja ya dawa za maumivu hupungua. Haya si anasa ya matajiri. Kiti kimoja na pazia moja huweza kutosha kuanzia.

Basi ikiwa dhambi inatafutwa katika habari ya usiku ule, isitafutwe kitandani. Yafaa sisi wengine tujichunguze.

Mkunga ajichunguze, maana ulimi unaomtukana mama aliye uchi na mwenye maumivu unamtukana mtu asiyeweza kujitetea. Lakini tusimbebeshe yeye peke yake mzigo wote. Mtu mmoja kwa wazazi sita hawezi kukaa kando ya kila mmoja, hata angekuwa malaika. Wanaopanga zamu na fedha za hospitali nao watajibu, na hospitali za Kanisa zisijitoe katika neno hili.

Mganga naye ajichunguze. Ni kweli, mgonjwa haulizwi uji. Lakini mama atakayeanzishiwa uchungu hana budi kuulizwa na kuelezwa: kwa nini, kwa njia gani, kwa muda gani, na itakuwaje dawa isipofaa. Maelezo ya dakika tano hayapunguzi nguvu ya dripu, ila yanapunguza hofu. Mtu anayejua kwamba siku ya pili ni ya kawaida hatadhani kwamba mwili wake umemsaliti.

Mume asitosheke na kusimama langoni. Aulize mapema, mimba ingali changa, kama hospitali yaruhusu mwenzi, na ni nani mkewe angependa awe naye. Isiporuhusu, aulize kwa heshima kwa nini, na aulize tena. Na mke akirudi amepasuliwa, asimruhusu mtu yeyote wa ukoo kusema mbele yake kwamba hakuzaa.

Mama mkwe, ambaye pengine amekwisha kusahau uchungu wake mwenyewe, ayaweke kando maneno ya subira mpaka mtoto azaliwe, na badala yake ashike mkono. Kwa mwanamke aliye katika uchungu, mkono ni mahubiri marefu ya kutosha.

Mama yule wa Jumapili tulimjibu kwa ufupi, maana mtoto alikuwa ameanza kulia. Tulimwambia: kulia si dhambi, kuomba kupasuliwa si dhambi, na lile neno, Mungu aliyelisikia ndiye aliyejua pia ni nani aliyekuwa akilisema, na katika saa gani. Tulimwambia kwamba aliyeutoa mwili wake ufunguliwe kwa kisu ili mwingine aishi hakuzalishwa tu; alizaa. Kisha tukamwomba radhi, kwa niaba ya wote tuliolala usiku ule.

Alifuta machozi, akamfunga mtoto mgongoni, akauliza ubatizo ni saa ngapi.