Godane na hukumu iliyotoka angani

Ahmed Abdi Godane, amiri wa Al-Shabaab, aliuawa Septemba 1, 2014 kusini mwa Somalia kwa makombora ya ndege za Marekani, zikiwamo zisizo na rubani. Jirani yangu hapa Matamba, Makete, huniambia: muuaji kauawa, unataka kesi gani tena?

Hoja hiyo ina uzito. Godane mwenyewe alitangaza kuwa kundi lake ndilo lililoshambulia Westgate, Nairobi, mwaka 2013, walikouawa watu 67. Hata Ibrahim al-Afghani, sahibu yake wa miaka mingi, aliuawa na watu wake mwaka huo huo. Na hao ndio waliodai kusimamisha sharia!

Lakini ndugu Waislamu, uadilifu hatukujifunza kwa Godane. Suratul Maida, aya ya 8, inatutaka chuki yetu kwa watu isitutoe kwenye haki. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari, alishitakiwa New York kwa bomu la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam la mwaka 1998. Ushahidi ukasikilizwa hadharani, akafungwa maisha mwaka 2001. Nakubali, Somalia si Cape Town, alikokamatwa Khalfan. Ila waliofiwa Dar walisikia nani alifanya nini. Waliofiwa Westgate hawatamsikia Godane akiulizwa lolote.